Wakala wa forodha karibu na bandari ya Mtwara, huduma ya cheti cha mionzi

Jamani mnaotuma korosho nje, huyu wakala kanisaidia sana kwenye kitu kinachotusumbua wengi, cheti cha mionzi, yani karatasi ya kuonesha chakula kimepimwa mionzi. Mi nanunua korosho zilizobanguliwa kwa kina mama wa Newala na Mikindani, nafungasha mwenyewe, safari hii mteja yuko Japani akasema bila cheti cha Tume ya Nguvu za Atomu mzigo hapokei. Kwakweli nilichukia, nikaona ni karatasi nyingine ya kula hela, korosho na mionzi wapi na wapi.

Yule kaka akanikalisha akanielewesha taratibu kabisa, kwamba kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka 1986 sisiamu, madini yenye mionzi, iliangukia malisho hadi ng'ombe wakatoa maziwa yenye mionzi, ndo maana mizigo ya chakula inapimwa, na sisi tuna sheria yetu ya 2003. Sisiamu-137 inachukua miaka kama 30 kupungua nusu tu, sa fikiria mtoto anaila. Codex, wale wa viwango vya chakula vya kimataifa, wanaruhusu hadi bekereli (kipimo cha mionzi) 1000 kwa kilo ila Wajapani baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima wakabana, toka Aprili 2012 chakula cha kawaida mwisho 100, maziwa na vya watoto wachanga 50. Nikamuuliza kwa hofu, mashine ikisoma chochote mzigo wangu ndo umekufa? Akasema hapana dada angu, korosho ina potasiamu na potasiamu ina mionzi yake ya asili, mashine inaitofautisha na sisiamu, hiyo haikuhusu. Misimu minne niko kwenye hii biashara hakuna aliyewahi kuniambia hivo!

Bei yake iko wazi, hela ya Tume unalipa mwenyewe kwa kontroo namba, yake anakuandikia pembeni na risiti unapewa.

Kilichoniuma ni kimoja, hakunambia mapema kwamba cheti ni cha mzigo ule ule uliotolewa sampuli. Mi nikaongeza katoni 12 baadae, ikabidi turudie upya, siku zikaenda na mteja analalamika kila asubuhi. Hilo alitakiwa aliseme siku ya kwanza kabisa, na nilimwambia usoni, akaomba radhi.

Ijumaa mchana msiende, simu hazipokelewi. Msimu huu narudi kwake, ila sampuli ntapeleka mzigo ukiwa umeshafungwa wote.