Highland Wildlife Park, Uskoti: nendeni wakati wa baridi

Mnaoishi Uskoti na watoto wanadai kupelekwa kuona wanyama, msisubiri kiangazi. Bustani hii iliyo karibu na kijiji cha Kincraig inapendeza zaidi Januari na Februari, kwa sababu wenyeji wake ni wa nchi za baridi: dubu weupe, chui wa theluji, simbamarara wa Amur, kima wa Japani. Baridi inayotukunyata sisi ndiyo inayowachangamsha wao.

Kabla ya kuhamia Edinburgh niliongoza watalii Serengeti na Ngorongoro, na bustani nyingi za wanyama hunihuzunisha. Mnyama anazunguka palepale kwenye sakafu ya saruji mpaka unatamani kuondoka. Hapa dubu wana mteremko wa nyasi, matope na bwawa. Madume walikuwa wakikaa mbali na jike, kama maisha yao ya porini yalivyo. Hamish, aliyezaliwa hapa Desemba 2017, alikuwa mtoto wa kwanza wa dubu mweupe kuzaliwa Uingereza baada ya miaka 25. Watunzaji walijua amezaliwa kwa kusikia sauti yake tu; hawakumsogelea. Mama yake, Victoria, alimtoa pangoni mwenyewe mwezi Machi. Subira ya namna hiyo naiheshimu sana.

Chui wa theluji anahitaji muda. Rangi yake na ya mawe ni moja, basi tafuteni mkia, ni mrefu na mnene, na akilala hujifunika nao usoni.

Kuna sehemu ya kupita na gari, kati ya nyati wa Ulaya na farasi wa Przewalski. Farasi hao walitoweka porini Mongolia miaka ya 1960, na walioko huko leo ni uzao wa waliotunzwa bustanini. Mimi nilisimamisha gari nikawatazama hadi watoto wakanung'unika.

Kazi kubwa kuliko zote hamtaionyeshwa, na ni sawa. Humu ndani kuna kituo cha kuzalisha paka pori wa Uskoti, waliokaribia kuisha kwa kuchanganyika damu na paka wa majumbani. Kimefichwa ili wasizoee watu. Mwaka 2023 wa kwanza waliachiwa huru katika milima ya Cairngorms.

Njia ni za vilima, vaeni buti na koti la kuzuia upepo. Theluji ikizidi bustani hufungwa, kwa hiyo ulizieni kabla ya kushika barabara ya A9.