Usanifu majengo: Ardhi au Nairobi, kwa anayetokea Arusha au Moshi

Kwa mtu wa Arusha, Nairobi ni karibu kuliko Dar. Kupitia Namanga ni kilomita 270 hivi, na Dar ni zaidi ya 600. Ndiyo maana matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, wazazi wengi huku kaskazini huweka Chuo Kikuu Ardhi cha Dar na Chuo Kikuu cha Nairobi kwenye mizani moja. Nauli ya basi isiwaamulie. Hesabuni miaka na makaratasi kuanzia studio ya kwanza, yaani darasa la kuchora, hadi kusajiliwa na Bodi ya wasanifu, AQRB, maana shahada ya usanifu peke yake haikupi muhuri wa msanifu aliyesajiliwa, na mchoro wa ghorofa usio na muhuri hautoki halmashauri na kibali.

Nairobi wameigawa safari yao vipande viwili: miaka 4 ya shahada ya taaluma za usanifu, kisha miaka 2 ya shahada ya usanifu majengo yenyewe. Mtego uko katikati. Mwaka wa nne mtoto anavaa joho, nyumbani mbuzi anachinjwa, ada inasimama, na kumbe kinachomfungulia mlango wa usajili ni kile kipande cha pili. Kama mfuko hauwezi kubeba miaka yote 6, pamoja na pango la chumba kwa shilingi ya Kenya, msianze. Kwa Ardhi, someni idadi ya miaka kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka husika, msitegemee simulizi za kaka aliyehitimu zamani, mitaala hubadilika.

Hela ndiyo inayowatenganisha zaidi. Mwanafunzi wa Ardhi anaweza kuomba mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, na mkopo huo una vipengele ambavyo usanifu unavihitaji kweli: mbali na ada na bumu la chakula na malazi, kuna vitabu na viandikia, mahitaji maalumu ya kitivo, na mafunzo kwa vitendo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, mapema, kwani hapo ndipo maombi mengi hukwama. Anayevuka Namanga ajipange kujilipia. Tena vyeti vyake vya NECTA, Baraza la Mitihani, vinapaswa kusawazishwa na mfumo wa Kenya, ambao hauna kidato cha sita kama chetu, na akirudi na shahada aipeleke TCU ikatambuliwe. Masomo Nairobi kwa kawaida huanza Septemba. Kati ya matokeo ya Julai na Septemba muda ni mfupi mno, kwa hiyo maulizo yaanze kabla ya mtihani wa Mei.

Kimasomo, Nairobi si chuo cha kubezwa. Mizizi yake ni chuo cha ufundi kilichoanza kufundisha mwaka 1956, na mji wenyewe umejaa majengo ya kujifunzia. Ardhi ilianza kama taasisi mwaka 1974, ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, ikapata hadhi kamili mwaka 2007. Uzito wake ni majirani wa darasa. Kwenye eneo lile lile la Survey wanasoma wakadiriaji majenzi, wapima ardhi na watu wa mipango miji. Baada ya miaka michache hao ndio maofisa watakaoshika jalada lako Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi. Utakuwa pia umefundishwa ukiwa ndani ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na Sheria ya Mipangomiji ya 2007, si sheria za Kenya ambazo ukirudi itabidi uziweke kando.

Lakini kuna jambo moja ambalo Nairobi inashinda wazi, na halizungumzwi: hali ya hewa. Mazoezi ya studio za Dar yanahusu joto la pwani, unyevu, madirisha yanayotazamana ili upepo upite, dari ndefu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi inaingia mpaka kitandani. Nyumba iliyochorwa kwa akili ya Dar, ikijengwa Njiro au Sakina, inakuwa jokofu. Nairobi, yenye mita 1,700 na ushee, inakufundisha kulikaribisha jua la asubuhi na kutunza joto la mchana kwenye kuta nzito za mawe ya kuchonga. Mtu wa Moshi mjini, chini ya mita 1,000, hana shida hiyo sana. Kwake Dar inatosha. Wa Arusha akienda Ardhi, angalau mradi mmoja achague kiwanja cha nyanda za juu, mwalimu akimruhusu.

Kwenye meza ya studio, vyuo vyote viwili vitakula hela kwa namna moja: kuchapa karatasi za A1, yaani milimita 594 kwa 841, na kadibodi za mifano midogo ya majengo. Mfano wa 1:100 hauhitaji gundi nyeupe nyingi. Ina maji, inakunja kadi nyembamba, na unyevu wa Dar unaongeza tatizo. Paka utando mwembamba wa gundi, gandamiza kwa vitabu usiku kucha. Gundi za kuyeyusha, zile zenye harufu kali, zisiguse foamu ya polistireni. Inaliwa mbele ya macho yako saa chache kabla ya juri, jopo la walimu linalopima kazi yako. Na kisu kikiwa butu, badilisha wembe. Usiongeze nguvu ya mkono, ndivyo vidole vinavyokatwa.

Uamuzi wetu: anayetaka kufanya kazi Tanzania, hasa anayetegemea mkopo, aende Ardhi. Nairobi ni ya mwenye ada ya miaka 6 mkononi, aliyekwisha kuiuliza Bodi ya Usajili ya Tanzania, AQRB, itadai nini kwa shahada ya huko.

Kompyuta ni ile ile kokote uendako: RAM ya GB 16, diski ya SSD, kadi ya picha inayojitegemea. Usinunue Mac kwa sababu ya urembo. Revit, programu ya Autodesk ya kuchorea majengo, haijatengenezewa Mac, ingawa Archicad, programu nyingine ya aina hiyo, inafanya kazi kote. Leseni usinunue mtaani, Autodesk huwapa wanafunzi bure kwa mwaka mmoja, na unaihuisha kila mwaka kwa uthibitisho wa chuo.