Nimepimwa jino kwa skana, uzoefu wangu

Gego langu la chini lilishasafishwa mzizi, likabaki ganda tu, dokta akasema livikwe krauni (ile kofia) la sivyo siku nang'ata mfupa litapasuka. Miaka ya nyuma nilishapimwa jingine kwa ule udongo wa kwenye sahani ya chuma (unaung'ata unabaki na umbo la meno), jamani ule udongo ukianza kushuka kooni unatapika mpaka machozi yanatoka, kwa hiyo niliposikia hapa wana skana nikasema hapo hapo twende.

Kenyewe kama mswaki mnene wa umeme hivi, wanakapitisha juu ya meno kanapiga picha mfululizo na kompyuta inaziunga, unaliona jino lako linajichora kwenye skrini. Raha tupu, hakuna kutapika.

Sasa krauni ilivyokuja ikawa inacheza. Dokta kapitisha kile kisindano chake pembeni, kinanasa, yani kuna pengo kati ya krauni na jino. Kumbe skana inachora inachokiona tu, na siku ile fizi ilikua inavuja damu, sasa damu na mate vikifunika ukingo wa jino mashine inajua hilo ndo jino, haina akili ya kukuambia subiri pakauke kwanza. Akaniambia wengi wanaanza kuikataa krauni kama pengo la pembeni linazidi mikroni 120, yani milimita 0.12, maana saruji ya kugandishia krauni pale inaliwa, uchafu unaingia na jino linaozea ndani hujui.

Tukarudia. Safari hii ganzi, akasokomeza kauzi kembamba kati ya fizi na jino ili fizi isogee, akakausha vizuri ndo akapiga skana. Nadhani mara ya kwanza alikua na haraka tu, foleni ilikua ndefu. Krauni ya pili imekaa kama jino la kuzaliwa, karatasi ya rangi ya kung'ata ikaonyesha kasehemu kamoja kamezidi akasaga kidogo basi. Sikulipa tena ila nauli ni yangu.

Nikamuuliza kuhusu mama, anatakiwa kufungwa krauni meno yote ya juu kwa mkupuo, akasema kwa jino moja au mawili haoni tofauti na udongo, ila taya zima picha zinaungwa nyingi mno, ni kama fundi wa tailizi, kila moja ikipinda kidogo tu ukifika ukuta wa pili mstari umeshahama. Kwa hiyo mama atang'ata udongo. Nimempigia kumwambia, kanuna mpaka leo.