Gitaa la umeme limechakaa: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Gitaa la umeme likianza kukwaruza, kukatakata sauti au kukataa kushika tyuni, ushauri wa haraka unaoupata Kampala ni kubadilisha pikapu, yaani kile kipande chini ya nyuzi kinachonasa sauti yake, au kuliuza gitaa zima. Ushauri huo unawamalizia watu hela bure. Pikapu ni sumaku na waya mwembamba uliozungushwa, hukaa miaka mingi bila kuharibika. Vinavyochakaa ni vile vinavyoguswa, kusuguliwa na kuchomekwa kila siku, na vingi ni vya bei ndogo. Nimevipanga kuanzia kile ambacho shilingi yako itafanya kazi zaidi.

Namba moja ni nyuzi, wala hakuna kinachoikaribia. Jasho la mkono na unyevu wa misimu ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, huzila nyuzi hata ukiwa hupigi sana. Wanaoishi karibu na ziwa, Entebbe kwa mfano, wanalijua hili vizuri. Nyuzi zilizokufa hazina mng'aro, zinakwangua vidole na hazikubali tyuni: ukipiga uzi wazi uko sawa, ukibana freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyopita kwa upana wa shingo) unapanda au unashuka. Watu hulaumu shingo, kumbe ni nyuzi.

Kati ya aina zilizopo, ningenunua kwanza chuma kilichopakwa nikeli, kipimo cha 10 hadi 46, yaani unene wa uzi mwembamba kabisa hadi ule mnene, kwa elfu za inchi. Ernie Ball na D'Addario wanazitengeneza, bei yake inabebeka, na sauti yake inafaa kanisani, kwenye rumba na kwenye roki. Mpiga solo wa sebene anayekimbia juu kabisa ya shingo anaweza kupenda 9 hadi 42, kwa kuwa ni laini kwenye vidole. Ila ukibadilisha kipimo, mvutano kwenye shingo nao unabadilika, na kwenye gitaa ambalo daraja lake, pale nyuzi zinapofungiwa mwilini, linashikwa na springi, daraja hilo litainuka au kulala. Uwe tayari kulirekebisha.

Za pili ni zile zilizofunikwa kwa utando mwembamba, kama Elixir. Bei yake inaweza kufika mara mbili ya zile za kawaida au zaidi, lakini kwa mtu mwenye jasho jingi zinarudisha hela kwa kudumu. Nyuzi za chuma kisichoshika kutu naziweka nafasi ya tatu. Zinang'aa sauti na zinavumilia jasho, lakini ni ngumu na zinakula freti haraka zaidi. Paketi isiyo na jina wala kipimo iache dukani hata ukiuziwa kwa bei ya soda.

Jambo moja wauzaji wengi hawalisemi: nikeli iko kwenye nyuzi nene tu, zilizoviringishiwa waya. Zile tatu nyembamba kwa kawaida ni chuma kilichopakwa bati, na ndizo zinazokatika. Kwa hiyo pamoja na seti nunua uzi wa kwanza mmoja au miwili ya akiba. Kipande cha fulana kuukuu ya pamba, cha kufutia nyuzi kila unapomaliza kupiga, kitaziongezea maisha bila gharama yoyote.

Namba mbili ni tundu la jeki, pale unapochomeka waya. Sauti ikikatika unapotikisa waya, jaribu kwanza waya mwingine. Ukiona bado, ulimi wa ndani ya tundu umelegea au waya mdogo umeachia. Mara nyingi chanzo ni nati ya nje iliyolegea: tundu zima linazunguka na kuzisokota waya za ndani mpaka zikatike. Nunua tundu la wazi la milimita 6.35, lile ambalo ulimi wake unauona kwa macho. Switchcraft ya Marekani ndiyo ngumu kuliko nyingi. Lile lililofungwa ndani ya plastiki liwe chaguo la mwisho. Fundi redio yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kulichomelea, mradi atumie risasi ya kulehemu ya vifaa vya umeme na si dawa ya asidi ya mafundi bomba.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kama unapigwa shoti mdomoni unapogusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, usinunue kitu chochote cha gitaa. Tatizo liko kwenye ardhi ya umeme ya ukumbi au ya jenereta, au mtu amechomeka amplifaya kwa plagi ya pini mbili isiyo na ardhi. Volti 240 zinaua. Zima, uite fundi umeme.

Namba tatu ni dawa ya kopo ya kusafisha sehemu za umeme zinazogusana, inayokauka haraka na isiyodhuru plastiki. Vifundo vya sauti vikikwaruza, chomoa waya, puliza kidogo ndani ya potenshometa, kile kifaa kilicho chini ya kifundo, kisha zungusha kifundo mara nyingi huku na huku. Maduka ya vipuri vya magari, kama ya soko la Kisekka jijini Kampala, ni mahali pazuri pa kuanza kuitafuta. WD-40 ile ya kulainishia bawaba si ya kazi hii. Ikishindikana, badilisha potenshometa: 250k (kilo-ohm) kwa pikapu za koili moja, 500k kwa zile pana za koili mbili. Nenda na ya zamani mkononi, kwa sababu matundu ya gitaa nyingi za bei nafuu ni madogo kuliko shingo ya potenshometa za Marekani.

Baada ya hapo ni kile kipande kinachopokea nyuzi kichwani. Ukisikia mlio mdogo wa kukatika unapokaza, uzi unanasa. Paka kwanza risasi ya penseli kwenye mfereji wake. Kama plastiki imeliwa, mfupa wa ng'ombe ni bora, na fundi mzuri anauchonga.

Vigingi vya kukazia nyuzi havihitajiki mara nyingi kama watu wanavyodhani. Skrubu ikilegea, au kifungo cha mkanda kikichomoka, kijiti cha meno na gundi ya mbao vitaziba tundu, kisha kaza upya gundi ikikauka. Ukilazimika kununua vipya, pima nafasi za skrubu kwanza.

Freti ziko mwisho. Mashimo madogo chini ya nyuzi ni ya kawaida, na freti zinaweza kusawazishwa zaidi ya mara moja kabla ya kuhitaji mpya. Kubadilisha zote ni kazi ya gharama, na kwenye gitaa la bei nafuu inaweza kupita thamani ya gitaa lenyewe. Kabla ya kukubali, weka nyuzi mpya, kisha umwombe fundi akuonyeshe ni freti ipi hasa inayovuma na kwa nini.