Katamarani ya kukodi Shelisheli: tathmini ya mweka hazina kutoka Buruburu

Chama chetu cha akina mama hapa Buruburu kilikuwa kikiweka pesa kidogo kidogo kwa ajili ya safari moja kubwa pamoja na watoto. Mimi ndimi mweka hazina, kwa hiyo kila malipo yalipita mkononi mwangu. Tulikodi katamarani (mashua pana ya tanga yenye matumbo mawili yaliyounganishwa) yenye nahodha kwa wiki moja Shelisheli, tukaenda kisiwa hadi kisiwa, na mipango yote ilifanywa na wakala mwenye ofisi ndogo Hurlingham. Huduma hiyo naisifu kwa moyo wote, isipokuwa sehemu moja nitakayoieleza. Naandika kwa urefu kwa sababu watu wakinipigia huuliza bei tu, na katika mpango wa aina hii bei inakuja baada ya mambo mengine mazito zaidi.

Mawakala wengine tuliowauliza walitutumia picha za machweo na bei kwa WhatsApp siku hiyo hiyo. Huyu hakutuma kitu. Alitaka tuende ofisini, akatukaribisha chai, akaanza maswali. Nani kati yenu haogelei? Nani hutapika kwenye basi la Mombasa? Kuna mwenye presha? Mtoto mdogo kabisa ana umri gani? Nikamjibu kwamba wanne kati yetu wanane hawajui kuogelea, nami nikiwemo, na kwamba tumeshakubaliana tuende Agosti shule zikifungwa.

“Dada,” akasema, “Agosti ni kusi. Kusi la Agosti halina huruma. Hao watoto watashinda wamelala sakafuni na ndoo.”

Ni mzaliwa wa Lamu, na pepo za bahari anazijua tangu utotoni. Akafungua kalenda ya shule na kuiweka kando ya kalenda ya upepo, na hapo ndipo nilipojua tumefika kwa mtu sahihi. Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, kiko karibu sawa na Mombasa kwa umbali kutoka ikweta, nyuzi 4 na kitu kusini, na pepo zinazopiga huko ni hizi hizi zetu. Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Septemba na kuingia Oktoba, likiwa kali zaidi Julai na Agosti. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi na kuleta mvua, Januari ikiongoza. Katikati ya misimu hiyo kuna maleleji, yaani vipindi vya upepo mdogo: Aprili, kisha Oktoba mwishoni na Novemba. Bahari hutulia, na maji huwa maangavu hata unaona mchanga chini ya chombo. Sasa tazama likizo za shule za Kenya: Aprili, Agosti, na ile ndefu inayoanza mwisho wa Oktoba. Mbili kati ya tatu zinaangukia maleleji! Mzazi wa Nairobi ana bahati ambayo hajaambiwa. Tukahamishia safari Aprili, tukaiacha Nairobi na masika yake.

Utulivu huo una gharama, na wakala alitueleza mapema. Upepo ukiwa mdogo, injini hufanya kazi na dizeli hulipiwa na mkodishaji. Kuna saa ambazo tanga letu lilining'inia tu. Anayetaka kusikia chombo kikipasua maji kwa tanga peke yake aende Juni, tena aende na watu wazima waliozoea bahari.

Chombo tulichopewa ni Lagoon 42: urefu mita 12.8, upana mita 7.7, vyumba vinne vya watu wawili wawili, na kijichumba cha omo, mbele kabisa, alimolala nahodha. Katamarani ni kama ngalawa iliyosomeshwa: upana wake ndio unaoizuia kuyumba, na kwa wanaochafukwa na roho hilo si jambo dogo. Haizami sana majini, mita 1.25 tu, kwa hiyo hutia nanga karibu na ufuo kuliko mashua ya mkuku (uti wa chini) mrefu. Watoto walipenda wavu uliotandazwa mbele, wakalala hapo kutazama maji yakipita chini yao. Uliza mapema kama kuna mtambo wa kuchuja maji ya bahari yawe matamu. Tangi la chombo hiki ni lita 300, na watu wanane wakioga wanavyopenda hazimalizi siku mbili. Sisi tumezoea maji ya mgao, tukajipanga bila kelele, lakini mtambo huo ungetuondolea hesabu za ndoo.

Kuhusu pesa, chombo hukodiwa kizima kwa wiki, hakilipiwi kwa kichwa. Kwa ukubwa huu, bei tulizoonyeshwa zilikuwa kati ya euro 4,000 na 8,000 kulingana na msimu na umri wa chombo. Nahodha alikuwa karibu euro 200 kwa siku, na chakula chake kiko juu yenu. Ukigawanya kwa watu wanane kiasi hicho kinabebeka, maana hamlipi hoteli wala boti za kuvuka visiwa. Malipo hugawanywa: sehemu mnapoweka nafasi, salio kabla ya safari, jambo linalofaa sana mfumo wa chama.

Palipotutoa jasho ni amana. Kampuni za vyombo hushikilia maelfu ya euro kwenye kadi ya mkopo hadi chombo kirudi salama, na kadi zetu nyingi za benki hapa hazina kikomo kikubwa hivyo. M-Pesa haifui dafu kwenye gati la Eden Island, bandari ya vyombo vya kukodi karibu na Victoria, mji mkuu. Wakala alituonyesha njia ya pili: kulipa ada ya bima isiyorudishwa, na amana ikapunguzwa hadi kiasi ambacho kadi ya mmoja wetu iliweza kukibeba. Lipangeni hili mkiwa Nairobi, benki ikiwa wazi.

Na hapa ndipo lawama yangu ilipo. Kampuni yenyewe ya chombo ilileta orodha ya malipo ya ziada baada ya sisi kulipa sehemu ya kwanza: usafi wa mwisho, shuka na taulo, dizeli, ada za hifadhi za bahari. Kila kimoja kina sababu yake, sikatai. Lakini mweka hazina anayewakabili wanachama akiwa na nyongeza ambayo haikuwa kwenye karatasi ya kwanza anapata aibu isiyo yake. Pia injini ya mashua ndogo ya mpira ilizimika siku ya kwanza, na fundi alifika kesho yake. Kwa watu wanaotegemea mashua hiyo kufika ufuoni, huko ni kuchelewa. Daini orodha kamili kwa maandishi kabla ya kutuma chochote, na mashua ndogo iwashwe mbele yenu gatini, iachwe inguruma kwa muda.

Kutoka Mahé hadi Praslin ni kama kilomita 45 za bahari wazi, ndiyo sehemu ndefu kuliko zote. Nahodha alitutoa asubuhi na mapema, tukang'oa nanga kabla jua halijawa kali. Baada ya hapo visiwa vinakaribiana. Curieuse ina kobe wakubwa wanaotembea huru, na magofu ya makao ya wagonjwa wa ukoma yaliyofungwa 1965. Watoto waliwakuna kobe shingoni kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kutulia mahali popote. La Digue tulizunguka kwa baiskeli hadi Anse Source d'Argent, kwenye yale majabali ya matale ya kijivu. Praslin kuna Vallée de Mai, msitu wa minazi ya coco de mer, yenye mbegu kubwa kuliko zote duniani, na msitu huo uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1983. Kiingilio chake ni kikubwa kwa familia, na nalipa tena bila kinyongo: chini ya makuti yale mapana mchana unakuwa jioni.

Kisiwa cha Cousin tulikikosa kwa sababu hakiingiliki utakavyo. Ni hifadhi ya ndege, wageni hupokelewa asubuhi za siku za kazi, tena kwa boti za walinzi wenyewe. Mwambieni nahodha siku ya kwanza kama mnakitaka, apange njia ya kukipitia. Anse Lazio, ufuo wa Praslin, nayo inatazama kaskazini-magharibi, kwa hiyo wakati wa kaskazi hupigwa na mawimbi. Sisi tulilala hapo kwa amani.

Kuna watu walioniambia tungeokoa pesa kwa kuendesha chombo wenyewe, maana mume wa mwenzetu mmoja ana cheti cha uanamaji. Kampuni hukubali cheti kama hicho. Mimi nasema lipia nahodha. Wetu, Mshelisheli, alijua wapi kuna mchanga mweupe wa kushika nanga na wapi kuna matumbawe, na alikataa katakata kusafiri baada ya jua kuzama, kama mkataba unavyotaka. Siku ya pili alishuka majini na sisi tusiojua kuogelea, maji yakiwa kifuani, kila mmoja na jaketi lake, akatufundisha kulala juu ya maji na kupumua kwa mrija. Nikawaona samaki wa rangi ambazo sikuwa na majina yake, mimi niliyekulia Kakamega! Mwanangu alinishika mkono muda wote. Kwa hilo pekee ningelipa zile euro 200.

Mengine ni mepesi. Mkenya hahitaji viza, ila kibali cha kusafiri hujazwa mtandaoni na kulipiwa, pamoja na tiketi ya kurudi na uthibitisho wa malazi. Mkataba wa chombo ulitosha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima ukitokea Kenya, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla. Kenya Airways huruka moja kwa moja hadi Mahé, kama saa tatu, lakini si kila siku. Kwa hiyo tafuta kwanza ndege zinazolingana na siku na saa ya kukabidhiwa chombo, ambayo mara nyingi ni alasiri, na ya kukirudisha, ambayo ni asubuhi. Usibebe matunda, mboga wala nyama mbichi. Samaki na matunda tulinunua soko la Victoria, vitu vya dukani ni ghali kuliko Nairobi.

Aprili vyombo vya vyumba vinne huwahiwa na Wazungu wa likizo ya Pasaka, kwa hiyo wanaoitaka wasingoje Krismasi ndipo waulize. Chama chetu kimeshaanza kuchanga tena, safari hii kwa Novemba, na nahodha nimemwomba yule yule.