Harar kwa miguu: matembezi ndani ya Jugol, kwa jicho la fundi wa nyumba za mawe

Nyota nne kati ya tano. Ninayoyatolea maoni ni matembezi ya kutwa ndani ya Jugol, mji wa zamani wa Harar, mashariki mwa Ethiopia, nikiwa na mwongozaji mwenyeji, pamoja na malazi katika nyumba ya Kiharari humohumo ndani ya ukuta. Mimi ni fundi wa nyumba za mawe, kazi yangu iko Lamu: kupiga chokaa, kubadilisha boriti zilizoliwa, kurudisha zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizovunjika. Nimeutazama mji kwa jicho hilo, na kwa jicho hilo nawaambia kwamba Harar iko nyuma ya kuta zake. Anayezunguka vichochoroni tu, akapiga picha za kuta za buluu na kijani, akaondoka, mji hajauona. Kabla hamjapatana bei, mwulize mwongozaji swali moja: utaniingiza nyumba za nani?

Kufika si kazi. Ndege za Addis Ababa hushuka Dire Dawa, na kutoka hapo basi dogo hupanda milima kwa muda wa saa moja hivi. Reli ya kutoka Djibouti ilipofika Dire Dawa mwaka 1902 haikupandishwa huku juu, na biashara kubwa ikahamia bondeni. Wafanyabiashara wa Harar walipata hasara, lakini naamini hiyo ni sababu mojawapo ya mji kubaki na umbo lake. Uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Sisi watu wa pwani tubebe sweta, na tusione haya kusimama kupumua kwenye vilima.

Jambo moja litakurahisishia: saa zao ni zetu. Waethiopia huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza, kama sisi. Mwongozaji aliponiambia tukutane saa mbili asubuhi, nilijua ni saa mbili hasa, huku wageni wengine pale walikuwa wakiulizana na kupiga hesabu.

Nilimwomba tuanzie mlango wa Argob Bari badala ya ule mpana wa magari. Milango ya asili ni mitano, huo wa magari ulifunguliwa baadaye. Ukuta una urefu wa takriban kilomita 3.5, na wenyeji wanauhesabu kuwa kazi ya Amir Nur bin Mujahid wa karne ya 16, mpwa wa Imam Ahmad bin Ibrahim, yule aliyepigana na wafalme wa Kikristo wa Ethiopia; Nur pia alimwoa mjane wa imamu huyo, Bati Del Wambara. Kaburi la Amir Nur limo humo mjini, kuba la kijani lenye mawe yaliyotokeza nje. Ukisimama karibu na ukuta utaona mawe hayakuchongwa. Yamechaguliwa kwa mkono na kupangwa kwa udongo, jiwe likishika jiwe. Chini kuna matundu yanayopitisha maji ya mvua, na usiku fisi huingilia hapohapo kula mabaki. Kulishwa kwa fisi nje ya ukuta ndiko watalii wengi wanakokujia. Nilikwenda, nikaona, na sina la kuongeza.

UNESCO ilipouandikisha mji huu kuwa urithi wa dunia mwaka 2006, ilitaja misikiti 82, mitatu ikiwa ya karne ya 10, na mazara 102, yaani makaburi na mahali pa mawalii panapozuriwa. Ukitembea unaelewa hesabu hiyo inavyoenea ndani ya mji mdogo hivi. Msikiti unaweza kuwa chumba kimoja na ua wake, mnara wake haupiti sana paa la jirani, na kama hukuona viatu mlangoni utadhani ni nyumba ya mtu. Adhuhuri niliswali msikiti wa Jamii, ule mkubwa. Wao ni wa madhehebu ya Shafi kama sisi, sikujihisi mgeni safuni hata kidogo. Asiye Mwislamu asitarajie kuingia misikitini, na mwongozaji mzuri atamwambia mapema badala ya kumwacha aaibike mlangoni.

Vichochoro ni vyembamba, vimepinda, vinapanda na kushuka. Kimoja wanakiita Megera Wiger Uga, nacho ni chembamba kiasi kwamba waliogombana wakikutana humo hawawezi kupishana bila kusemezana, na hivyo wanapatana. Kuta hupakwa rangi upya sikukuu au harusi zinapokaribia, kwa hiyo buluu ya nyumba hii huenda isiwe ya mwaka ujao. Mtaa wa Makina Girgir una mafundi cherehani waliokaa nje kwa safu. Ukinunua kitambaa dukani asubuhi, jioni unavaa nguo.

Sasa nyumba. Ile ya pili tuliyoingia ndiyo iliyonishika. Unapita mlango wa ua, unakuta uwanja wanaoshirikiana familia zaidi ya moja, jiko liko pembeni, na nyumba yenyewe imekupa ukuta mtupu. Unavua viatu, unaingia ukumbini, na sakafu haiko sawa. Imeinuliwa kwa majukwaa ya vimo mbalimbali, wao huyaita nadaba, nayo ni matano. Kila moja lina watu wake. Mwenye nyumba hukaa amir nadaba, linalotazama mlango, aone nani anaingia. Wazee na wageni wa heshima wana lao, vijana wana lao la chini. Mama mwenye nyumba hakuniacha nikae karibu na mlango. Alinielekeza jukwaa la wageni na hakutulia mpaka nikapanda. Nyumba nzima inakufundisha adabu bila mtu kufungua kinywa. Katika kazi yangu nimeona vyumba vingi vizuri, lakini sijaona sakafu inayompa kila mtu mahali pake kwa uwazi namna hii.

Nilipitisha kiganja kwenye kingo za majukwaa. Zimeviringwa, hakuna ncha hata moja inayokwaruza, na plasta ni nyekundu, laini, imesuguliwa mpaka inang'aa. Mwongozaji alisema wekundu huo unakumbusha damu iliyomwagika Chelenqo, Januari 1887, jeshi la Menelik, mfalme wa Shewa aliyekuja kuitawala Ethiopia yote, lilipolishinda la Amir Abdullahi, amiri wa mwisho wa Harar, na Harar ikapoteza uhuru wake. Ndivyo wanavyosimulia wenyewe, na mama aliitikia kwa kichwa. Sikuuliza zaidi.

Halafu zidaka. Kwa desturi ni kumi na moja ukutani, na hapo moyo ulinidunda kwa furaha, maana hiyo ni lugha ninayoijua. Ila wao wanaisema kwa namna yao. Lamu tunazipanga zidaka safu juu ya safu mpaka zijaze ukuta wa chumba cha ndani, tukazichora kwa nakshi za plasta, na nyingi ni ndogo mno kuweka kitu. Zao ni chache, kubwa, hazina nakshi, zimeingia vizuri ndani ya unene wa ukuta, na pambo ni vile vilivyowekwa: vitabu, vikombe, birika. Sehemu iliyobaki ya ukuta imefunikwa kwa vikapu na sinia za kusukwa, wanawake wenyewe ndio wasusi, pamoja na bakuli za maua zilizotundikwa kwa mpangilio. Juu ya mlango kuna boriti ya kuwekea mazulia yaliyokunjwa. Zamani yakionekana hapo, mgeni alijua nyumba ina binti wa kuozwa. Pembeni kuna chumba kidogo, kirtat, ambako maharusi walikaa faraghani siku za mwanzo za ndoa.

Nikainua macho darini. Kwetu boriti za mikoko ndizo zinazoamua upana wa chumba, hazivuki mita tatu, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Pale palikuwa na gogo kubwa moja lililobeba miti midogo iliyobanana, na kwa hiyo ukumbi umepata upana wa kupanga majukwaa yote yale. Msomaji asiye fundi anaweza kuliona jambo dogo. Lakini kama mti ungekuwa mwingine, nadaba zisingekuwapo, na adabu yote ile ya kukaa ingepangwa vingine.

Kilichoniuma ni saruji. Katika kichochoro kimoja ukuta wa mbele wa nyumba ya zamani ulikuwa umepigwa plasta ya saruji, na kipande cha ukubwa wa mlango kilikuwa kimeanguka. Ndani yake udongo ulikuwa na unyevu na ulitoka kwa kidole. Niligonga sehemu iliyobaki, ikalia tupu kuanzia usawa wa kiuno hadi chini. Ukuta wa mawe na udongo unahitaji kupumua: maji yanayopanda kutoka ardhini na yanayoingia juu lazima yapate njia ya kutoka. Chokaa huyaachia. Saruji huyafungia ndani, udongo unalainika, plasta inaachana na ukuta, na siku inapodondoka inaondoka na mawe. Lamu tumepoteza kuta namna hiyo. Mwongozaji aliniambia, "Ndugu yangu, saruji iko kila duka, chokaa mpaka uitafute, na fundi anayeijua ni mzee." Ni maneno yaleyale ninayoyasikia kwetu. Paa za zamani zilikuwa bapa, za miti na udongo; leo nyingi zimeezekwa mabati. Simlaumu mwenye nyumba anayevujiwa. Namlaumu anayempa ushauri wa saruji akijua nyumba imejengwa kwa nini.

Ile nyumba inayoitwa ya Rimbaud, mshairi Mfaransa aliyefanya biashara Harar miaka ya 1880 na kufariki mwaka 1891, ingieni kwa ajili ya useremala: ni ghorofa la mbao, kazi ya mfanyabiashara wa Kihindi, lenye dari iliyochorwa na madirisha ya vioo vya rangi. Yeye mwenyewe hakukaa humo. Picha za zamani za mji zilizo ndani ni nzuri sana, zitazame polepole, hasa zinazoonyesha paa bapa. Karibu na hapo ni makumbusho ya Abdullahi Ali Sherif, kwenye nyumba aliyowahi kukaa Ras Tafari, aliyekuja kuwa Haile Selassie. Bwana Sherif amekusanya mwenyewe miswada, sarafu za amiri, mavazi na vito, na miswada inashonwa na kujalidiwa upya kwa mikono. Juu ya mlango pamechongwa Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo. Mtu wa Lamu au Unguja atasimama hapo muda mrefu, maana mafundi wa Kihindi wameacha alama zao hata kwenye milango yetu. Yapeni makumbusho saa nzima. Mimi nilipewa nusu, nikavutwa mkono.

Na hapo ndipo ilipokwenda nyota yangu ya tano. Muda uliokatwa makumbusho ulitumika kwenye maduka mawili ya vikapu ambayo sikuyaomba, tukakaa humo huku mwongozaji akipiga soga na wenye duka. Vikapu ni vizuri, na nilivinunua kwa wasusi wenyewe siku ya pili, kwa bei iliyoniridhisha. Lakini aliyekuja kuona majengo asipelekwe sokoni kinyume na makubaliano. Nilimwambia hivyo, akapokea kwa uungwana, na mchana akafidia kwa kunipeleka nyumba ya shangazi yake ambayo haimo kwenye mzunguko wa watalii.

Malazi yalikuwa mema. Nilipewa chumba kinachofunguka kwenye ukumbi wa nadaba, asubuhi chai nzito ya maziwa, mkate wa moto na asali, halafu kinywaji cha maganda ya kahawa ambacho nakitamani hadi leo. Choo ni cha pamoja, na maji ya bomba hayaji kila siku, kwa hiyo mnaoga kwa ndoo. Anayehitaji faragha kamili akalale mji mpya nje ya ukuta. Kwangu mimi, kulala chini ya dari ile kulizidi usumbufu wote.

Kwa atakayekwenda: patana kwa birr, fedha ya Ethiopia, mbele ya mwenyeji wa nyumba unayolala, na mseme wazi kama bei inajumuisha viingilio vya makumbusho na zawadi kwa kila nyumba mtakayoingia. Zawadi hiyo mkabidhi mama mwenye nyumba kwa mkono wako. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ndani. Anza mapema, pumzika mchana, rudi baada ya alasiri ambapo familia ziko nyumbani na milango ya ua iko wazi. Siku ya Ijumaa usipange kitu kuanzia saa tano hadi saa nane mchana, mwongozaji wako atakuwa msikitini.