Kelele ilikuwa kwenye pawa saplai: uzoefu wangu na Seasonic Focus GX-550

Mwaka jana mwezi wa pili mteja alinirudishia kazi. Yalikuwa masomo ya sauti ya watoto wa darasa la kwanza, dakika arobaini na kitu, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Dada, sauti nzuri sana, ila kuna kitu kinavuma kwa nyuma." Nikavaa hedifoni, nikapandisha sauti pale ambapo sisemi neno, nikakisikia. Vuuuu, mfululizo, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Nilijaribu kukifuta kwa programu, uvumi ukapungua, lakini na mimi nikawa kama nasemea ndani ya mtungi. Nikarekodi upya kazi nzima, usiku tatu.

Nafanyia kazi chumbani kwangu, Tabata. Ukutani nimetundika mablanketi, mlangoni nasimamisha godoro, na maiki iko hatua mbili kutoka kwenye kompyuta ya mezani kwa sababu chumba chenyewe ndicho hicho. Naanza saa nne usiku bodaboda zikishapungua. Madirisha nafunga, feni ya dari nazima. Baada ya nusu saa kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 32, na mwezi wa pili kinapita hapo. Ukiwa na chumba chenye kiyoyozi, baadhi ya niliyoandika hapa yanaweza yasikuhusu, lakini wengi wetu tunaishi kwenye joto hili hili.

Kwanza nilimlaumu asiyehusika. Nilidhani ni feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nikanunua nyingine kubwa na nzuri. Uvumi ukabaki. Nikachomoa feni za kasha moja moja, bado. Fundi wangu alipokuja aliitoa pawa saplai, kile kiboksi kinachoipa kompyuta umeme, akaiweka mezani peke yake, akakunja kibanio cha karatasi na kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ile kubwa ya pini 24. Hivyo ndivyo unavyoiwasha bila kompyuta. Ikawaka, na pale pale mezani mashine ya kusaga ikaanza. Tulitazamana tu.

Tukaigeuza kusoma kibandiko. Juu, kwa herufi kubwa: 600W. Chini, kwenye jedwali la herufi ndogo ambalo sikuwahi kulisoma tangu niinunue, mstari wa 12V, yaani volti 12, uliandikwa ampia 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Prosesa na kadi ya picha hunywa karibu umeme wao wote kwenye huo mstari wa 12V, kwa hiyo ile 600 ilikuwa namba ya kuuzia. Niliiweka kwenye mizani ya jikoni, ikasoma gramu 780. Feni yake ilikuwa ndogo, ya milimita 80, na feni ndogo haina njia nyingine ya kusukuma hewa ya kutosha ila kuzunguka kwa kasi. Nilitaka tuifungue tuitie mafuta, fundi akakataa kata kata. Kapasita za ndani hubaki na chaji hata waya ukishachomolewa ukutani, na kuna mafundi waliorushwa nazo. Tafadhali usifungue ya kwako.

Baada ya hapo nilisoma sana, nikaelewa jambo ambalo lilibadilisha namna ninavyonunua kifaa hiki. Pawa saplai inapokea umeme wa ukutani, volti 230 za kwetu zinazopanda na kushuka, inaugeuza kuwa 12, 5 na 3.3 zisizoyumba. Katika kuugeuza, sehemu ya umeme haifiki kwenye kompyuta. Inageuka joto humo humo ndani ya kiboksi, na joto likipanda, feni inaongeza kasi. Uvumi uliokuwa ukiniharibia kazi ulikuwa yuniti zangu za LUKU zinazoungua. Ukitaka ukimya, basi, unatafuta ufanisi kwanza. Feni inafuata.

Ufanisi una alama zake. Mpango wa 80 PLUS ulianza mwaka 2004, na alama ya kawaida humaanisha angalau asilimia 80 ya umeme inafika upande wa pili, ikipimwa kwa mzigo wa asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wa kifaa. Juu yake kuna Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium. Gold ni 87, 90 na 87. Vipimo hivyo ni vya umeme wa volti 115 kama wa Marekani. Kwenye 230 kama yetu ufanisi hupanda kidogo, hiyo ni bahati yetu. Lakini maabara hupimia kwenye nyuzi kama 23, na hiyo siyo bahati yetu. Ndiyo maana natafuta pia kama mtengenezaji ameandika nyuzi ngapi kifaa chake kinatoa wati kamili bila kupumzika. Walio makini huandika 40 au 50. Kelele nayo ina alama: kampuni ya Cybenetics hutoa daraja liitwalo LAMBDA, ambapo A+ ni wastani wa desibeli 15 hadi 20 na A ni 20 hadi 25. Watu wengi hawalijui, na kwa kazi kama yangu ndilo la kwanza kulitazama.

Nilienda Kariakoo. Kaka wa duka la kwanza alinitolea ya wati 700 kwa shilingi 35,000. Nikamuuliza, "12V ina ampia ngapi?" Akageuza boksi, akasoma, akaniambia kwa upole, "Dada, watu huwa wanauliza wati tu." Alikuwa mkweli na nilimshukuru. Duka la pili na la tatu walikuwa nazo za kutoka kwenye kompyuta za ofisi za mtumba, zenye majina makubwa, tulivu, za bei nafuu. Nilizitamani. Lakini nyingi zimetengenezwa kwa umbo la kasha lao na plagi zake si za ATX, kiwango cha kompyuta za mezani za kawaida, hivyo kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya kawaida hazichomeki, au zinachomeka kwa adapta ambayo mimi nisingeiamini.

Mwishowe mdogo wangu aliyeko Dubai akaninunulia Seasonic Focus GX-550 na kuja nayo kwenye begi, karibu shilingi 240,000 kwa hesabu ya siku ile. Ni daraja la Gold. Mstari wake wa 12V una ampia 45, yaani wati 540 kati ya 550, na jedwali kama hilo ndilo nawaomba mlitafute. Feni ni ya milimita 120, yenye beringi ya kimiminika ambayo haikauki upesi. Waya zote zinachomoka, unaweka unazohitaji tu: kwangu ile ya pini 24, ya prosesa na moja ya diski. Kasha likapata nafasi ya hewa kupita.

Hapo kwenye waya za kuchomoka naomba nikae kidogo, kwa sababu nimeona mtu akipoteza diski mbili kwa kosa hili. Ule upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna kiwango kimoja duniani. Waya wa kampuni nyingine unaweza kuchomeka vizuri kabisa, ukabana, na bado mpangilio wa pini ukawa tofauti, ukapeleka volti 12 mahali pa 5. Waya za zamani zitoe zote, hata kama zinafanana kama mapacha.

Nina kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi, nikapima kabla na baada, mashine ile ile yenye prosesa ya Ryzen 5 5600G bila kadi ya picha. Ikiwa imetulia, ya zamani ilivuta wati 57 ukutani, mpya inavuta 46. Nikichakata video, ya zamani ilivuta 136, mpya 106. Nikikadiria kwamba kompyuta yenyewe ilihitaji kama 95, maana yake wati 41 zilikuwa zinawaka kama balbu ndani ya kiboksi, na sasa ni 11. Kipimo kilichonipa raha zaidi ni cha maiki. Kwenye chumba kimya, bila mimi kusema, programu ilikuwa ikisoma −51 dB. Sasa inasoma −62, na kadiri namba inavyokwenda mbali na sifuri ndivyo kulivyo kimya. Kwa anayesoma vitabu vya sauti hiyo si tofauti ndogo: jukwaa la ACX linakataa rekodi ambayo ukimya wake una kelele inayozidi −60.

Je, umeme ninaookoa unailipa? Nimefanya hesabu kwa moyo mweupe. Kwa wastani wa wati 15, saa kumi kwa siku, ni yuniti nne na nusu kwa mwezi. Kwa bei ya takribani shilingi 356 kwa yuniti ni 1,600. Kwa mwaka haifiki 20,000. Atakayekuambia nunua Gold ili uokoe bili anakupotosha, labda kama mashine yako ina kadi kubwa ya picha na inafanya kazi kutwa. Mimi nimelipia ukimya na joto dogo, na kwa hilo nimeridhika kabisa.

Kuna jambo moja ningependa liwe tofauti. Ya 550 ndiyo ndogo kuliko zote kwenye familia ya Focus GX, na mashine kama yangu haiihitaji. Asilimia 20 ya 550 ni wati 110, wakati kompyuta yangu ikitulia haifiki hata nusu ya hapo. Huko chini kabisa ni nje ya vipimo vya Gold, na ufanisi wa pawa saplai yoyote huporomoka. Ndiyo sababu kwenye mashine iliyotulia tofauti ni wati 11 tu. Kwa hiyo usiongozwe na woga ukanunua ya 850 "kwa ajili ya baadaye". Jumlisha prosesa na kadi yako, ongeza nafasi ya theluthi moja hivi, ishia hapo. Waranti ni ya miaka kumi, jambo zuri, ila nimeinunua Dubai, na kuirudisha huko ni nauli, kwa hiyo kwangu hiyo miaka kumi naichukulia kama ushahidi kwamba mtengenezaji anaiamini kazi yake.

Nyuma kuna kitufe cha kuchagua feni isizunguke kabisa mzigo ukiwa mdogo. Wiki ya kwanza nilikitumia kila wakati. Kwenye nyuzi 32 sikuupenda mpango huo: kifaa kinakaa kimya kikijikusanyia joto, kisha feni inaanza, inasimama, inaanza tena, na sikio hugundua mlio unaokuja na kuondoka upesi kuliko mlio mdogo usiobadilika. Sasa feni inazunguka polepole muda wote. Kitufe nakibonyeza ninaporekodi shairi au hadithi yenye vituo virefu, nikimaliza nakirudisha. Zipo zisizo na feni kabisa, Seasonic wenyewe wanazo, lakini kwa chumba changu nisingethubutu.

UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, nayo ilinisumbua. Ile niliyokuwa nayo, ya bei ndogo, umeme ulipokatika ilihamia kwenye betri na kompyuta ikazimika papo hapo, wakati na pawa saplai ya zamani haikuwahi kufanya hivyo. Nilidhani nimeuziwa mbovu. Kumbe UPS nyingi za bei nafuu hutoa umeme wa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na pawa saplai za kisasa zenye saketi ya kurekebisha mvuto wa umeme wakati mwingine hazielewani nalo. Nimebadilisha na yenye wimbi laini, tatizo limekwisha. Liingize kwenye bajeti yako mapema. Faida ya saketi hiyo hiyo ni kwamba kifaa kinapokea volti 100 hadi 240 bila swichi, hivyo jioni taa za mtaa zinapofifia mashine yangu haitetereki. Kama ya kwako ina ile swichi nyekundu ya 115 na 230 kwa nyuma, ifunike kwa karatasi ya gundi ikiwa kwenye 230. Mtoto akiisogeza, ukichomeka ukutani utasikia mlipuko.

Dada mmoja anayeanza kazi hii aliniuliza afanyeje akiwa na laki moja tu. Nilimwambia aache namba kubwa, atafute ya wati 450 yenye alama ya Bronze, feni ya 120, ampia 30 na kuendelea kwenye 12V, na aibebe mkononi kabla ya kulipa, maana nyepesi sana mara nyingi imepunguzwa shaba na vipoza joto vya ndani. Kisha aweke kasha mahali linapovuta hewa. La kwangu lilikuwa juu ya mkeka, na pawa saplai yangu inavutia hewa kwa chini. Nimeliinua kwa vigae viwili, na chujio la chini nalitoa kila Jumamosi ya pili, nalikung'uta nje, nalipitisha kwenye maji, nalianika mpaka likauke.